Ufa Chini ya Vitanda vya Watoto

Nani aliwafundisha kununua gari kwa masikio? Nauliza kwa sababu nimechoka. Nimeishi gereji tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka sasa ambapo hata nyusi zimeanza kuniaga, na bado namwona kijana anaingia yadi ya magari, anaomba boneti ifunguliwe, anasikiliza injini huku amefumba jicho moja, halafu anasema, "Hii iko vizuri." Kisha anajaribu redio. Kisha anapiga tairi teke. Akimaliza hapo anaamini amekagua gari. Ukimwambia alale chini achungulie tumboni, anakuonyesha shati lake.

Mimi nilikuwa fundi wa bodi na chesisi hapa Korogwe mpaka mgongo uliponikataza. Injini sikuwahi kuipenda, na yenyewe haikunipenda. Kazi yangu ilikuwa mifupa ya gari: zile boriti mbili za chuma zinazopita chini kutoka mbele hadi nyuma, ambazo kila kitu kingine kimekaa juu yake, na wewe ukiwemo. Injini ikifa, unakaa pembeni ya barabara ukiota jua na kumpigia fundi simu. Boriti ikikatika mteremkoni, simu watapiga watu wengine.

Sasa nataka niwaeleze habari ya lile gari la kulala la Kabuku, maana wengi wenu mmeisikia nusu nusu, na nimeambiwa mnaisimulia vijiweni kwamba mimi ni mzee mwenye roho mbaya niliyemharibia mtu biashara. Sawa. Sikilizeni kwanza, halafu mkasimulie tena.

Zuhura ni mtoto wa dada yangu. Ni mama lishe wa minadani. Mnaoijua minada ya ng'ombe ya kule Handeni mnayajua maisha yake: leo yuko mnada huu, keshokutwa ule, masufuria kwenye bajaji ya mizigo, turubai, kuni, na watoto wake wawili wamelala juu ya magunia. Mvua ikinyesha wote wanaamka. Hana wa kumwachia watoto. Baba yao aliondoka zamani, na simtaji hapa nisije nikaimalizia hasira yangu kwa mtu asiyestahili.

Siku moja akanitumia picha kwenye simu. Gari jeupe, refu, lina madirisha yenye mapazia. Wasafiri wa kigeni walikuja nalo kwa njia ya barabara, wakaichoka safari au wakachokana wenyewe, sijui, wakamwachia kwa bei ya kuondokea mtu wa Kabuku aitwaye Abasi. Ndani lina jiko la gesi, sinki, tangi la maji na kitanda cha wakubwa juu ya kichwa cha dereva. Nyuma kabisa kuna vitanda viwili vya watoto, kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kina taa yake ndogo. Chini ya picha Zuhura aliandika neno moja tu, "Mjomba." Nilielewa. Mtu aliyelaza wanawe chini ya turubai miaka yote ile ameona vitanda viwili vyenye taa.

Abasi hakuficha kitu, na hilo nampa haki yake. Alimwambia Zuhura waziwazi kwamba gari lina ufa nyuma, kwenye chesisi, na umeshachomelewa, na kwamba ukuta wa nyuma uliwahi kuingia maji. "Ni vitu vinavyojulikana, dada," alisema. "Magari ya aina hii yote yako hivyo."

Hapa ndipo damu inaponichemka. Watu wa kwetu kasoro ikishatajwa wanadhani imepungua. Muuzaji akiisema kwa mdomo wake mwenyewe, mnunuzi anajiambia, huyu ni mkweli, na mkweli hawezi kuniuzia balaa. Wanakunywa chai, bei inashuka kidogo, kila mtu anaona ameshinda. Na ule ufa uko pale pale chini, haujasikia hata neno moja la mazungumzo yao.

Zuhura alifanya jambo la busara, alitafuta fundi wa kulikagua. Akamchukua Hashimu, ambaye alijifunza kazi mikononi mwangu na sasa ana gereji yake. Hashimu akalizunguka gari, akachungulia, akasema linafaa. Sasa wote mnaijua desturi yetu, ingawa hakuna anayeisema kwa sauti: mnunuzi anampa fundi chochote kwa ukaguzi, na muuzaji naye anamvuta pembeni anampa ya soda. Wanaiita shukrani. Mimi naiita fundi mwenye matumbo mawili. Ukila kwa anayeuza na kwa anayenunua, utazungumza kwa niaba ya nani? Utasema "linafaa". Ni neno tamu sana, halimuudhi mtu na halina anayeweza kukushtaki nalo. Linafaa kwa nini? Kubeba nani? Kupita wapi? Hakuna anayeuliza.

Basi mimi sikuitwa kukagua. Niliitwa kwa sababu mambo yalikuwa yamekwisha, walishapeana mkono, na alihitajika mzee wa upande wa mama ashuhudie na kusoma dua kabla gari halijatoka. Nilitakiwa nivae kanzu. Nikavaa kanzu, lakini mfukoni nikatia kipande cha chaki na msumari.

Ngoja niwaambie habari ya chaki. Aliyenifundisha kazi ni marehemu Mzee Chambo, fundi wa karakana ya shamba la mkonge kule Mazinde. Alikuwa mfupi, mkali, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na matela ya mkonge kuliko alivyozungumza na sisi. Matela yale yalibebeshwa mpaka yakapinda, kwa hiyo nyufa zilikuwa chakula chetu cha kila siku. Yeye hakuogopa ufa. Alitufundisha kwamba kuna ufa uliokufa na ufa ulio hai, na kazi yote ya fundi ni kuujua upi ni upi. Uliokufa ulitokea zamani kwa sababu ambayo imeshaondoka, labda gari liligongwa. Ukichomelewa vizuri unakaa pale mpaka unazeeka nao. Ulio hai una sababu ambayo bado ipo. Huo hata ukiuchomelea kwa dhahabu utatokea tena pembeni.

Alikuwa anapaka mafuta ya taa juu ya chuma, anasubiri, anafuta mpaka pakauke, kisha anapaka chaki juu yake. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yanarudi polepole na kuichora chaki mstari mweusi. Jicho lako haliuoni ufa, rangi imeufunika, lakini chaki itakuonyesha hadi ncha yake. Ukishaiona ncha, kwaruza alama kwa msumari pale pale. Peleka gari kwenye barabara mbaya, rudi, tazama. Ufa ukiwa umeivuka alama, huo uko hai na unatembea. Ni kazi ya chaki ya shule na mafuta ya kibatari, na sijui kwa nini kijana mwenye simu yenye kamera tatu anashindwa kuifanya.

Tulipofika kwa Abasi tulikuta mikeka, chai na chapati. Hashimu alikuwepo, akaniamkia kwa adabu zote. "Shikamoo mzee." Nikamwitikia marahaba. Watoto wa Zuhura walikuwa wameshapanda nyuma, wanawasha na kuzima zile taa. Nikamwambia Abasi naomba mafuta ya taa kidogo.

"Ya nini tena, mzee wangu?" akauliza. "Kama ni ule ufa, mbona nilishausema mwenyewe?"

"Umeusema ulipo," nikamjibu. "Natafuta unakokwenda."

Nikavua kanzu, nikalala chini na shati la ndani. Zuhura akaona aibu, akaniambia polepole, "Mjomba, jamani, tulishakubaliana." Nikamwambia anishikie tochi.

Muelewe magari haya yanavyotengenezwa. Kiwanda kinatoa gari la mizigo la kawaida, na boriti zake zinaishia nyuma kidogo ya ekseli, ule mhimili wa tairi za nyuma. Anayejenga nyumba juu yake anataka nyumba ndefu, kwa hiyo anaunganisha vipande vya boriti nyembamba zaidi, vinaning'inia nyuma bila tairi chini yake. Juu ya mkia huo ndipo walipoweka vitanda vya watoto, tangi la maji na tairi la akiba. Na wale wasafiri wakaona bado hautoshi, wakaongeza chuma cha kubebea pikipiki. Kwenye lami ya kwao inawezekana. Kwenye barabara zetu za minadani, kila shimo mkia ule unachapwa chini na kuinuliwa juu, na maungio yake ndiyo yanayolipia.

Nikapaka mafuta, nikafuta, nikapaka chaki, na mstari ukaanza kujichora. Ule uchomeleaji Hashimu aliouona ulikuwa mnene na wenyewe haukuwa na neno. Ufa ulikuwa umeuacha, umetokea pembeni yake, ukapanda ukingo wa juu wa boriti na kuingia chini ya rangi. Upande wa pili hivyo hivyo. Nikaingia ndani, nikabonyeza ukuta wa nyuma chini ya dirisha, kidole kikazama kama kwenye boga lililolala. Ngozi ya nje ni faiba, kama plastiki ngumu, inang'aa, lakini mbao za ndani zilizoshika ukuta na sakafu zilikuwa zimeoza.

Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Msipime kasoro moja moja. Ukuta ulioloa peke yake unatengenezeka, nimetengeneza mwingi. Ufa peke yake unatengenezeka. Sasa ulizeni kama zinajuana. Pale nyuma, boriti ikichoka, kitu pekee kilichobaki kuushika mkia ni ile nyumba yenyewe, na nyumba ilikuwa imeoza mahali pale pale. Na waliopangiwa kulala mahali pale pale ni watoto. Abasi alitaja kasoro mbili kama mtu anayetaja ndugu wawili wasioishi pamoja.

Nikakwaruza alama kwenye ncha za ufa. Nikasema tangi lijazwe maji, tukalizungushe kwenye barabara ya vumbi inayoingia mashambani. Abasi hakupenda, lakini mbele ya watu angekataaje? Aliendesha mwenyewe. Watoto nikawateremsha. Tuliporudi nilimwita Zuhura alale chini, atazame kwa macho yake. Akatazama muda mrefu. Ufa ulikuwa umeivuka alama, upande mmoja kwa upana wa kucha.

"Kila gari lina ugonjwa wake, mzee," Abasi akasema. Sauti ilishabadilika. "Ukitaka lisilo na kasoro nenda kiwandani. Unaniharibia biashara bure."

Nikamwambia sijasema lisiuzwe. Nikampa hesabu yangu mbele ya wote: mkia ukatwe, boriti mpya nzima zipachikwe kuanzia mbele ya ekseli, ukuta wa nyuma ujengwe upya, tangi lihamishwe katikati. Ni kazi ya gereji ya msimu mzima, na bei ya gari ipungue kwa kadiri hiyo. Kasoro ikijulikana haina budi kuwa na mtu wa kuibeba, ama anayeuza au anayenunua, na kabla ya safari. Abasi akasema bei ni ile ile, na kuna mteja mwingine anapiga simu.

Ndipo nikamgeukia Hashimu. Nikamuuliza kama yeye alikuwa ameuona ule ufa wa pembeni. Akasema aliona kitu kama mstari. Nikamuuliza kama angewalaza wanawe kwenye vile vitanda mpaka Handeni. Akainamisha kichwa, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo sijayasahau: "Mzee, mimi niliulizwa kama gari linafaa. Sikuulizwa nani atalala wapi."

Nimefundisha vijana wengi. Wengine walinikatia bati vibaya, wengine waliniunguzia mipira ya gesi, na mmoja alichomelea mlango wa Landrova ukiwa umefungwa na yeye yuko ndani. Nilicheka na wote. Huyu sikucheka naye. Mikono yake ni mizuri kuliko yangu, nasema kweli, na jicho lake liliuona. Alichokosa ni kufungua mdomo, na mdomo ulikuwa umejazwa soda.

Zuhura alipanda ndani ya gari. Tukamsubiri. Akazima zile taa mbili ndogo, moja baada ya nyingine, akashuka, akamwambia Abasi, "Kaka, nisamehe. Mkono wangu nimeurudisha." Mnajua kurudisha mkono uliokwisha kupeanwa kwetu ni aibu gani. Wajomba wenzangu walinisema wiki nzima. Watoto walinuna njia yote mpaka Segera, na mdogo aliniambia hataniamkia tena. Alitimiza kwa muda.

Mngetaka niishie hapo, mzee ameshinda, watoto wamepona. Lakini gari lile halikuondoka duniani kwa sababu sisi tumeondoka.

Haukupita muda mrefu, mimi na Zuhura tulikuwa Segera, tunatoka kutazama pikapu moja ya kawaida, isiyo na mapazia. Tumesimama kwa wauza machungwa. Likaja gari jeupe lenye mstari mpya wa kijani ubavuni, likaegesha mbele yetu. Zuhura akanishika mkono. Ni lenyewe. Akashuka mzee wa makamo yangu, mtu wa Lutindi, anakwenda kuuza mitumba minadani, akaanza kuchagua machungwa huku injini inanguruma. Kwenye dirisha la nyuma pazia likafunguliwa kidogo, bibi mmoja akachungulia.

Zuhura hakunisubiri. "Shikamoo baba. Hili gari umelinunua Kabuku?"

"Marahaba mwanangu. Ndiyo, Kabuku."

"Walikwambia habari ya huku nyuma?"

"Waliniambia," yule mzee akasema kwa upole. "Kulikuwa na kaufa, wamekaziba. Na fundi alilitazama, akasema linafaa." Sikumuuliza fundi gani.

Nikamwomba ainame nami. Wala sikuhitaji chaki. Walipaka rangi mpya nzito chini, nyeusi, ya kung'aa, na rangi ile ilikuwa imeshapasuka mstari mwembamba juu ya boriti, kutu nyekundu inachuruzika kutoka ndani yake. Rangi mpya haipasuki juu ya chuma kilichotulia. Nikamweleza taratibu, bila kumfokea, maana yeye hakunikosea kitu. Alichuchumaa kwa shida, akatazama mstari ule, akapitisha kidole, akakitazama kidole. Kisha akasimama, akaenda kugonga dirisha la nyuma.

"Mama Eliza," akamwita mkewe, "mchukue mtoto mje mkae mbele."

Bibi akashuka na mjukuu mwenye usingizi begani. "Mbele kwa nini? Si ulisema alale huku?"

"Njooni tu mbele. Tutakwenda polepole."

Yule bibi akatutazama mimi na Zuhura, akainama, akauona mstari. Hakuuliza chesisi ni nini wala ekseli ni nini. "Kwa hiyo nyuma pabaya na mbele pazuri," akamwambia mumewe. "Gari si ni hili hili moja?" Akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akachukua mfuko wake, akaenda kukaa kwenye benchi la muuza machungwa. "Wewe nenda, baba Eliza. Sisi tutakuja na basi."

Mzee alibaki amesimama kati ya gari na benchi. Zuhura alikwenda kukaa karibu na bibi, akaanza kumenya chungwa la mtoto. Kisha mzee akaingiza mkono dirishani, akazima injini, akanigeukia.

"Fundi," akaniuliza, "watu wangapi walikuwa wanajua?"

Nikamwambia ukweli. Wote waliolitazama.

Akaenda kukaa benchi moja na mkewe, funguo mkononi, akamchukua mtoto akamweka mapajani.